Kitabu cha MTUHA na mashine inayokataa

Wadau, tukiingia zahanati tunaona foleni tu. Kile kitabu kikubwa pale mezani hatukioni. Ni cha MTUHA, mfumo uliokuwepo tangu miaka ya 1990: kila mwisho wa mwezi mhudumu anajumlisha wagonjwa wa malaria, chanjo, wajawazito. Hesabu za Morotonga zinakwenda Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, na mwisho wa safari ni programu iitwayo DHIS2.

Babu wa programu hiyo alizaliwa Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, akitembea juu ya Microsoft Access. Kila ofisi ilikuwa na nakala yake, marekebisho yakibebwa kwa disketi. Kosa liliumiza ofisi moja. Tatizo ni kwamba baada ya muda nakala hazikufanana, na nani aseme ipi ni sahihi?

Ikaandikwa upya kwa Java, Chuo Kikuu cha Oslo kikiratibu. Mwaka 2011 Kenya iliiweka kwenye intaneti kwa nchi nzima, na 2013 Tanzania Bara ikaisambaza wilaya zote. Hapo sasa! Ukirekebisha mara moja, wote wamepata. Ukikosea mara moja, wote wamepata vilevile.

Chukulia fundi kagusa mstari mmoja tu, na nafasi iliyoachwa wazi ikaanza kusomwa kama sifuri. Zahanati ambayo haijatuma ripoti itaonekana haina malaria kabisa. Dawa zitapelekwa kwingine.

Kinga yake mafundi wanaiita uunganishaji endelevu. Kent Beck na wenzake waliipigia debe miaka ya mwisho ya 1990. Mwaka 2001 ikaja CruiseControl, 2005 Hudson, ambayo tangu 2011 wengi wanaijua kwa jina la Jenkins. Fundi hajifungii na kazi yake mwezi mzima. Anaileta kidogo kidogo, mashine inaijenga programu yote upya na kuipiga majaribio. Likifeli moja, mabadiliko hayaingii, hata kama aliyeyaleta ni bosi (hapa ndipo ninapoipendea). Yakipita, fundi mwingine anayasoma, kisha toleo linakaa kwenye seva ya majaribio kabla ya kufika kwenye seva ya taifa. Na hifadhidata inanakiliwa kwanza, maana muundo wake ukishabadilishwa, kurudisha programu ya zamani peke yake hakutoshi.

Ila mashine hupima kile tu ambacho mtu alikumbuka kuiambia ipime. Tofauti ya wazi na sifuri anaijua zaidi aliyewahi kushika kile kitabu usiku wa tarehe thelathini. Ingekuwa amri yangu, ningemkalisha huyo mbele ya seva ya majaribio, aingize mwezi mmoja wa zamani, tuone kama jumla itatoka ileile aliyoipata kwa kalamu.