Pembe ilikwenda, jambia likarudi: miaka elfu mbili ya silaha ya harusi Mombasa

Katika nyumba za zamani za Mji wa Kale, kuanzia Ndia Kuu hadi Kibokoni, jambia la babu hulala sandukuni limeviringwa kitambaa, likingoja harusi. Siku hiyo bwana harusi hulifunga kiunoni juu ya kanzu, akavaa joho na kilemba, na wazee wakalitazama kwa furaha huku wakilikagua. La wapi hili? Lilikuwa la nani?

Jibu la swali la kwanza ni refu. Katika karne ya 1 baharia mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alieleza biashara ya pwani yetu katika kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Anasema bandari ya Rhapta iliuza pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, ikapokea mikuki iliyofuliwa Muza, katika Yemen ya leo, pamoja na mashoka na visu vidogo. Yaani pembe ikienda, chuma kikirudi. Mpango huo ulidumu hadi enzi za wazazi wetu, na jambia ndilo lililoubeba.

Waomani waliiteka Fort Jesus, ngome ya Wareno, Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Kisha wakaja maliwali wa Kimazrui, na mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Oman, akautwaa mji kutoka kwao. Kwa muda wote huo jambia kiunoni lilikuwa alama ya mtu mwenye hadhi. Lakini hawakuwa Waomani peke yao. Washihiri kutoka Hadhramaut walikuja wakiwa askari, wachukuzi na wafanyabiashara, na mmoja wa asili yao, Muhammad bin Abdallah anayekumbukwa kama Al-Akida, ndiye aliyeishika Fort Jesus na kumwasi Sultani wa Zanzibar, hadi manowari za Kiingereza zikaipiga ngome mizinga Januari 1875. Ndiyo maana katika mtaa mmoja unaweza kukuta majambia ya nasaba mbili tofauti.

Kuyatofautisha, anza na ala. Ala ya Kiomani imepinda kama kiwiko, na sehemu yake ya juu ina pete za fedha zinazoshika mkanda. Kwa kawaida pete ni nne. Zikiwa saba, mtindo huo huitwa Saidia, na hunasibishwa na Albusaidi, ukoo wa Seyyid Said. Familia nyingi zikiona pete saba huamini kwamba babu yao alikuwa mtu wa kasri. Mimi ningekuwa mwangalifu hapo: pete hueleza mtindo wa sonara, na sonara alimfanyia kazi kila aliyelipa. Ala ya Kihadhrami hukunjika zaidi, ncha yake ikapanda karibu kufikia mpini, na mara nyingi fedha yake imepachikwa akiki. La Yemen ya milimani hukaa wima katika ala ya ngozi, na mpini wake wa pembe umetiwa mapambo mawili ya duara.

Fedha yenyewe mara nyingi ilikuwa pesa. Masonara waliyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye mwaka 1780 hata ilipopigwa karne moja baadaye. Kila moja ina gramu 28 hivi, na katika sehemu 1,000 za uzito wake, fedha ni sehemu 833. Babu aliyevaa jambia zito alikuwa amejifunga akiba yake kiunoni.

Mpini ndio unaotia uchungu. Pembe ya kifaru ilisifiwa kuliko zote, kwa kuwa kadiri inavyoshikwa ndivyo inavyong'aa, na ukiielekeza kwenye mwanga kingo zake hupitisha rangi ya asali. Kwa karibu utaona nyuzi zilizoshikamana, kitu usichokiona kwenye pembe ya ng'ombe. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi hadi Bandari ya Kale yaliondoka na kusi, na miongoni mwa shehena zake zilikuwamo pembe hizo. Biashara ilikuwa ndogo hadi bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973. Vijana wa Yemen waliokwenda kufanya kazi Saudi Arabia walirudi na pesa, na kila mmoja akataka mpini uliokuwa wa mashekhe tu. Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 hawakufika 400. Esmond Bradley Martin, mtafiti wa Nairobi aliyeandika pia juu ya majahazi, ndiye aliyeifuata njia hiyo ya pembe hadi kwa mafundi wa Sanaa. Kwa hiyo mpini wa kale usitukuzwe kwa bei yake, wala usitupwe. Lakini kuumiliki bila kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, ni kosa.

Jambia lina chuma, fedha, ngozi, mti na pembe, na kila kimoja kina adui yake. Adui wa wote Mombasa ni chumvi iliyomo hewani. Vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980, vililazimu maabara ndani ya Fort Jesus, kwani chuma kilichokunywa chumvi huendelea kuliwa hata kikiwa rafuni.

Nyumbani hapahitajiki maabara. Usihifadhi ubapa wa jambia ndani ya ala, maana ngozi hufyonza unyevu. Toa, pangusa kwa pamba, paka mafuta ya cherehani kiasi cha kuteleza tu. Mafuta ya nazi huchacha. Usilianike juani, kwa sababu chuma kimeshikizwa mpinini kwa ulimbo, na ulimbo hulainika kwa joto. Na nawasihi: majivu, ndimu na dawa ya meno visiguse fedha. Ule weusi uliolala ndani ya nakshi ndio unaoifanya isomeke. Kila unaposugua unaondoa kazi ya sonara, na asidi ya ndimu hupenya hadi kwenye mti ulio chini.

Anayetaka kuuza ajue kwamba sheria ya mwaka 2006 ya Makumbusho ya Taifa inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Basi swali la pili la wazee lina thamani ya kisheria pia. Andikeni jina la aliyelivaa, mwaka wa harusi, na aliyelinunua bandarini. Tumieni penseli, kwa kuwa wino huchuruzika kwa unyevu wa hapa, na karatasi ikae nje ya ala.