Injili na Utulivu wa Mji

Mahubiri huweza kuutuliza mji, na huweza kuutikisa. Historia ya Dar es Salaam yatuonyesha yote mawili.

Mwaka 1887 mmisionari Greiner wa misheni ya Kiinjili ya Berlin alifika hapa, mwaka ule ule ambao Kampuni ya Wadachi ilijenga kituo chake. Mwaka 1888 vita vya Abushiri vikawaka. Wengi hawakuutenga msalaba na bunduki. Januari 1889 hata misheni ya Kikatoliki ya Pugu iliharibiwa.

Mwaka 1954 chama cha TANU kilizaliwa jirani na kiwanja cha Mnazi Mmoja. Waislamu na Wakristo wakadai uhuru kwa sauti moja, wala mtu hakuulizwa anasali wapi.

Lakini tangu miaka ya 1980 mihadhara ilizidi mjini. Wahubiri wa Injili na wahadhiri wa Kiislamu walishindana hadharani, na baadhi yao wakakashifu dini ya wenzao. Chuki ikakua, Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yakavunjwa.

Basi si imani iliyovunja ujirani, bali dharau. Wazee walinena: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.