Kawia ufike: Miaka 27 ya kesi ya bangi Afrika Kusini

Mei 28, 2024, siku moja kabla ya Waafrika Kusini kwenda kupiga kura, Rais Cyril Ramaphosa alitia saini Sheria ya Bangi kwa Matumizi Binafsi, Na. 7 ya mwaka huo. Kwa sheria hiyo mtu mzima anaruhusiwa kulima bangi, kuwa nayo na kuivuta faraghani. Kuiuza kunabaki kosa la jinai.

Waliosoma habari ile juujuu waliiona kama zawadi ya kampeni. Kumbe lilikuwa deni lililochelewa kulipwa. Mahakama ya Katiba ilikuwa imelipatia Bunge muda hadi Septemba 2020 kuirekebisha sheria, na Bunge likapitiliza muda huo kwa zaidi ya miaka mitatu. Aliyesababisha deni lenyewe, Rasta wa Cape Town aitwaye Gareth Prince, alikuwa ameanza kuhangaika na jambo hili tangu 1997. Kati ya mwaka huo na 2024 kuna historia ya namna dola linavyoweza kushinda kesi kwa muda mrefu bila kuwa na hoja nzito zaidi, mradi tu kesi haijaisha.

Marufuku yenyewe haikuchelewa

Sheria za kuzuia bangi zilikuja upesi kuliko zilivyoondoka. Huko Afrika Kusini mmea huu huitwa dagga, jina lililotokana na lugha ya Wakhoikhoi, na watu wa huko waliujua kabla ya Wazungu kuweka makazi kwenye Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Mwaka 1870 utawala wa koloni la Natal uliwakataza vibarua wa Kihindi wa mashamba ya miwa kuivuta. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba inawapunguzia nguvu ya kazi.

Mwaka 1922 serikali ya Muungano wa Afrika Kusini iliipiga marufuku nchi nzima, kwa kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya forodha. Mwaka uliofuata ikauandikia Umoja wa Mataifa wa wakati ule, uliokuwa Geneva, ikitaka bangi iwekwe pamoja na afyuni kwenye orodha ya kimataifa ya dawa za kulevya. Mkataba wa Geneva wa 1925 ukaiingiza. Kwa hiyo miaka mitatu tu ilitosha kutoka kanuni za forodha za nchi moja hadi mkataba wa dunia. Baada ya hapo sheria ziliongezwa makali kila kizazi: 1928, kisha 1971 chini ya ubaguzi wa rangi, kisha Sheria Na. 140 ya 1992, ambayo ndiyo iliyokuja kupingwa mahakamani.

Sheria hiyo ya 1992 ilisema kwamba mtu akikutwa na zaidi ya gramu 115 za bangi, anahesabiwa kuwa ni muuzaji mpaka athibitishe vinginevyo. Mahakama ya Katiba, iliyoanza kazi 1995, ilikifuta kifungu hicho Novemba mwaka huohuo katika kesi ya Bhulwana, kwa kuwa kilimbebesha mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Mwendo ule uliwapa watu matumaini kwamba Katiba mpya ingefanya kazi yake haraka. Lakini Bhulwana iligusa utaratibu wa ushahidi tu. Marufuku yenyewe ilikuwa bado haijaguswa.

Rasta aliyetaka kuwa wakili

Gareth Prince alikuwa amemaliza masomo yote ya sheria. Ili awe wakili alibakiwa na kipindi cha utumishi wa jamii, na mkataba wake ulipaswa kusajiliwa na Chama cha Wanasheria cha Rasi. Katika maombi yake alieleza bila kuficha kwamba aliwahi kutiwa hatiani mara mbili kwa kukutwa na bangi, na kwamba ataendelea kuitumia kwa sababu ni sehemu ya ibada yake. Chama kikakataa. Kwa maoni yao, mtu anayetangaza kwamba atavunja sheria hafai kuitumikia.

Prince hakuomba bangi ihalalishwe kwa kila mtu. Aliomba Warasta wapewe nafasi ndani ya sheria. Mahakama Kuu ya Rasi ilimkatalia mwaka 1998, Mahakama ya Juu ya Rufaa ikamkatalia Mei 2000. Alipofika Mahakama ya Katiba mwishoni mwa 2000, majaji waliona jalada halina maelezo ya kutosha kuhusu namna Warasta wanavyoitumia bangi, wapi na wakati gani. Desemba 12, 2000 waliagiza pande zote zilete ushahidi zaidi. Mwaka mwingine ukaenda.

Hukumu ilitoka Januari 25, 2002. Majaji watano walimkatalia, wanne wakamkubalia. Walio wengi, wakiongozwa na Jaji Mkuu Arthur Chaskalson, walikiri kwamba marufuku inaibana dini ya Kirasta, ila wakasema polisi hawataweza kutofautisha bangi ya ibada na bangi ya starehe. Jaji Sandile Ngcobo aliandika kwa niaba ya walio wachache kwamba marufuku imepita kiasi, na kwamba Bunge lingepewa miezi 12 kutafuta njia ya kuwaruhusu waumini. Miongoni mwa waliokuwa naye upande huo ni Jaji Albie Sachs, mwanaharakati aliyepoteza mkono kwa bomu lililotegwa na makachero wa makaburu mjini Maputo mwaka 1988.

Kura moja. Kama jaji mmoja tu angehamia upande wa pili, Bunge la Afrika Kusini lingeianza mwaka 2002 kazi ambayo lilikuja kuimaliza 2024.

Prince alilipeleka shauri lake nje ya nchi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, ilimkatalia Desemba 2004. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikamkatalia mwaka 2007. Miaka kumi ilikuwa imepita, na mlango wa dini ulikuwa umefungwa kila mahali.

Wapenzi walioupeleka mmea mahakamani

Agosti 2010 polisi walivamia shamba moja karibu na uwanja wa ndege wa Lanseria, Johannesburg, wakawakamata Julian Stobbs na Myrtle Clarke kwa kukutwa na bangi. Badala ya kusubiri hukumu ya kesi ya jinai, mwaka 2011 wapenzi hao waliishtaki serikali, wakidai kwamba marufuku yote haina msingi katika Katiba. Walikusudia kuleta wataalamu wa dawa, wa historia na wa sera, ili sayansi nzima ya bangi ihojiwe mbele ya jaji.

Ilichukua miaka sita kesi hiyo kuanza kusikilizwa. Ilifunguliwa Mahakama Kuu ya Pretoria Julai 31, 2017, ikasikilizwa kwa siku chache, kisha ikaahirishwa bila kufika mwisho. Julai 2020 Stobbs aliuawa kwa risasi na majambazi waliovamia nyumba yake. Aliyeianza kesi akafa, nayo haijatolewa hukumu.

Hata hivyo kungojea huko kulikuwa na faida yake. Kwa kuwa kesi ya Pretoria ilikuwa hai, watu wengine waliokamatwa na bangi walikwenda mahakamani kuomba mashtaka yao yasimamishwe hadi hiyo iamuliwe, na wengi wakakubaliwa. Kuchelewa kukawa kivuli. Lakini ni kivuli cha mwenye uwezo wa kulipa wakili. Kijana aliyekamatwa na misokoto miwili mtaani Khayelitsha, asiyejua hata kwamba kuna kesi Pretoria, alikiri kosa, akalipa faini na kuondoka na rekodi ya jinai. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila si matumbo yote huumia sawa.

Kutoka hekaluni hadi nyumbani

Prince naye alikuwa amerudi, safari hii na hoja nyingine. Pamoja na Jeremy Acton, kiongozi wa chama cha Dagga Party, waliacha kuuliza kama Rasta ana haki ya kipekee. Waliuliza kama dola lina haki ya kuingia sebuleni kwa mtu mzima na kumkataza anachovuta. Hoja ikahama kutoka uhuru wa dini kwenda haki ya faragha, iliyo katika kifungu cha 14 cha Katiba.

Wakati nao ulikuwa umebadilika. Mwaka 2016 Mamlaka Kuu ya Dawa za Kulevya, chombo cha serikali yenyewe, ilishauri kwamba hatua ya kwanza iwe kuacha kuwafanya watumiaji wa bangi wahalifu. Machi 31, 2017, Jaji Dennis Davis wa Mahakama Kuu ya Western Cape, akiongoza jopo la majaji watatu, aliamua kwamba kumwadhibu mtu mzima kwa bangi anayoilima na kuitumia nyumbani kwake kunavunja Katiba.

Serikali ilipinga, na Novemba 7, 2017 shauri likafika Mahakama ya Katiba. Prince alisimama mwenyewe kutoa hoja zake. Mtu aliyenyimwa uwakili kwa sababu ya bangi alikuwa akizungumza mbele ya majaji wakubwa kuliko wote nchini, tena kuhusu bangi hiyohiyo. Mahakama yenyewe ilikuwa imehamia Constitution Hill, katika jengo ambalo baadhi ya matofali yake yametoka kwenye gereza lililobomolewa la mahabusu waliokuwa wakingoja kesi.

Septemba 18, 2018, Kaimu Jaji Mkuu Raymond Zondo alisoma hukumu iliyokubaliwa na majaji wote. Hakuishia nyumbani kama Davis. Alisema mahali popote pa faragha. Vifungu vya Sheria ya 1992 na vya Sheria ya Dawa ya 1965 vinavyomwadhibu mtu mzima kwa matumizi yake binafsi vikatangazwa batili. Bunge likapewa miezi 24.

Kipengele cha hekima kuliko vyote katika hukumu hiyo ni kile kilichohusu muda wa kulingoja Bunge. Mahakama iliingiza maneno yake kwenye sheria kwa muda, ili ulinzi uanze siku ileile. Kisha ikaagiza kwamba Bunge likishindwa kumaliza kazi kwa wakati, maneno hayo ya muda yatakuwa ya kudumu. Majaji waliwajua wabunge wao.

Matokeo yalionekana kwenye takwimu za polisi. Mwaka wa 2017/18 makosa yanayohusu dawa za kulevya za aina zote yalikuwa 323,547. Mwaka uliofuata, ambao nusu yake hivi ilikuwa baada ya hukumu, yalishuka hadi 232,657.

Bunge lachukua zamu yake

Muswada uliwasilishwa bungeni mwaka 2020, muda wa mahakama ukiwa ukingoni. Ukapita mikononi mwa kamati, ukatolewa maoni, ukaandikwa upya. Mjadala ukavutwa huku na huku kati ya waliotaka sheria ya faragha pekee na waliotaka biashara iingizwe humo, hasa kwa ajili ya wakulima wa Mpondoland, Eastern Cape, ambao wamelima bangi kwa vizazi, na mashamba yao yamewahi kunyunyiziwa sumu na helikopta za polisi. Baraza la Taifa la Bunge lilipitisha muswada Novemba 2023, Baraza la Majimbo Februari 2024. Biashara iliachwa nje.

Wakati Bunge linajivuta, mahakama ililazimika kuziba mapengo. Septemba 29, 2022, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria ya Watoto, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mtoto asishtakiwe kwa jinai kwa kutumia au kukutwa na bangi. Bila hukumu hiyo, mtoto angeweza kushtakiwa kwa jambo ambalo baba yake analifanya kwa uhuru sebuleni.

Hata saini ya Rais haikuumaliza mwendo. Sheria ya 2024 haikuanza kutumika papo hapo; ilipaswa kungoja kanuni zake zitungwe na tarehe itangazwe, na mwaka mzima baada ya kusainiwa ilikuwa bado inangoja. Ndani ya sheria hiyo kuna kifungu cha kufuta rekodi za waliotiwa hatiani kwa kukutwa na bangi yao wenyewe. Maana yake ni kwamba mtu aliyeikosa kazi kwa sababu ya msokoto wa mwaka 1999 aliendelea kuikosa, si kwa kuwa nchi inaamini alikosea, bali kwa kuwa karatasi haijakamilika.

Somo kwa Nairobi

Historia hii inatuhusu kwa sababu safari kama hiyo imeanza Kenya. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi ya mwanafunzi aliyezuiwa shule kwa sababu ya rasta zake, iliutambua Urastafari kuwa dini. Mwaka 2021 Jumuiya ya Rastafari ya Kenya ikafungua shauri la kupinga adhabu za bangi katika sheria ya dawa za kulevya ya 1994, kwa hoja ya dini na ya faragha kwa pamoja. Miaka minne baadaye shauri hilo lilikuwa bado mahakamani.

Mtu anaweza kuichukia bangi na bado akaona kasoro hapa. Mahakama ina haki ya kusema hapana, kama ilivyomwambia Prince mwaka 2002. Kisichokubalika ni kukaa kimya huku watu wakiendelea kukamatwa kwa sheria ambayo uhalali wake uko mezani kwa jaji. Afrika Kusini ilichelewa sana, lakini mwishowe majaji wake walionyesha dawa: toa ulinzi wa muda siku ya hukumu, weka tarehe, na andika mapema kitakachotokea Bunge likishindwa. Waswahili husema kawia ufike. Majaji wa Nairobi wanaweza kufika bila kukawia kiasi hicho, kwa sababu njia imekwishaonyeshwa.