Sheria Ilifutwa 2015, Bili Ikaja 2022

Wasee, mkisikia serikali yoyote ikisema inapunguza sheria ili nyumba zijengwe haraka, ulizeni swali moja: bili ya stima na gesi italipwa na nani? Uingereza walishapitia hii story, na mwisho wake tunaujua.

Desemba 2006, Gordon Brown, wakati huo waziri wa fedha, alitangaza kwamba ndani ya miaka kumi kila nyumba mpya itakuwa ya kaboni sufuri. Hakuna uchawi hapo: kuta na madirisha yasiyovujisha joto, halafu kawi safi kama sola. Mpango ulikuwa wa ngazi. 2010 kaboni ipungue kwa asilimia 25, 2013 ifike 44, na 2016 iwe sufuri. Kampuni za ujenzi zilipewa muongo mzima kujipanga.

Ngazi ya kwanza walipanda. Ya pili wakateleza. 2011 maana ya "sufuri" ilibadilishwa, stima ya TV, friji na vifaa vingine ikatolewa kwenye hesabu. Sheria ya 2013 nayo ilikaza asilimia 6 tu kuliko ile ya 2010. Halafu Julai 2015, miezi michache kabla ya tarehe yenyewe, waziri wa fedha George Osborne akafuta lengo lote. Sababu? Kuwapunguzia wajenzi mzigo, nyumba zijengwe upesi.

Sawa, watu walihitaji nyumba, hilo halina ubishi. Na tuseme ukweli, nyumba mpya bado ilitumia kawi kidogo kuliko zile kuukuu. Lakini mzigo ukitolewa kwa mjenzi hauyeyuki. Unahamia kwa anayeishi ndani.

Uingereza nyumba nyingi hupashwa joto kwa gesi. Februari 2022 Urusi ikavamia Ukraine, na bei ya gesi iliyokuwa ishaanza kupanda ikapaa kabisa. Kikomo cha bili ya mwaka kwa familia ya matumizi ya kawaida kilikuwa pauni 1,277 Oktoba 2021. Kufikia Oktoba 2022 kilipangwa kuwa pauni 3,549, hadi serikali ikaingilia kati na kuishikilia kwa takriban 2,500. Hiyo tofauti ililipwa na pesa za umma. Yaani sheria ilifutwa kuokoa pesa, kisha wananchi wakalipa mara mbili: kwa bili na kwa kodi.

Wala si kwamba hawakuambiwa. 2019 kamati inayoishauri serikali yao kuhusu tabianchi ilipiga hesabu: kujenga nyumba vizuri tangu mwanzo, ikiwa na pampu ya joto badala ya boila ya gesi, kungeongeza kama pauni 4,800. Kuja kuirekebisha baadaye? Pauni 26,300. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka ina bei kabisa.

Scotland ilikaza kamba Aprili 2024, ikazuia boila za gesi kwenye nyumba mpya. England ikabaki ikivutana kuhusu tarehe.

Sasa, sisi inatuhusu nini? Sheria zetu za ujenzi za 1968 tulizitoa kwa hao hao Waingereza, na tulikaa nazo hadi kanuni mpya ilipoanza kutumika Machi 2025. Sisi hatupashi nyumba joto, lakini kuna keja Pipeline ambapo saa saba mchana unawasha taa ndio uone sufuria. Aliyebana madirisha ili apate vyumba zaidi hanunui tokeni. Wewe ndiye unanunua, kila wiki, miaka nenda miaka rudi.

Ndiyo maana mambo ya kanuni za ujenzi si ya mainjinia peke yao. Mpangaji hayuko mezani ramani ikipitishwa, lakini bili yake inaandikwa siku hiyo hiyo.