Mzee wa Miaka 24: Historia ya Vyeo vya Wamormoni

Neno mzee katika Kiswahili halitaki mvi peke yake. Twamwita mtu mzee kwa busara yake, kwa ukuu wake kazini, au kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, hata kama bado ana nguvu za kupanda mnazi. Lakini hata kwa ukarimu huo wa lugha yetu, msomaji atastaajabu akiambiwa kwamba tarehe 6 Aprili 1830, katika kijiji cha Fayette, jimbo la New York, nchini Marekani, vijana wawili walisimama mbele ya mkutano mdogo, mmoja akatajwa kuwa mzee wa kwanza na mwenziwe mzee wa pili. Wa kwanza, Joseph Smith, alikuwa na umri wa miaka 24. Wa pili, Oliver Cowdery, alikuwa na miaka 23, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule.

Siku hiyo ndipo lilipoanzishwa kanisa ambalo watu wengi wamezoea kuwaita waumini wake Wamormoni, kutokana na Kitabu cha Mormoni. Jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu mwaka 2018 viongozi wake wamesisitiza kwamba hilo ndilo litumike. Katika makala haya nitalitumia lile la zamani pale historia inapolidai. Si kusudi langu kupima imani yao. Hiyo ni kazi ya wanaodini. Linalotuhusu sisi walimu wa lugha ni jinsi maneno makongwe ya Kikristo yalivyochukuliwa na watu wa mashambani wa Marekani yakavikwa kazi mpya, na jinsi kutojulikana cheo kipi kilikuwa juu ya kipi kulivyokaribia kulivunja kanisa lenyewe.

Tuanze na askofu. Neno hili limetufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mwangalizi. Masikioni mwetu askofu ni mtu wa kanisa kuu, mwenye fimbo na pete. Askofu wa kwanza wa Wamormoni, Edward Partridge, alikuwa mtengenezaji wa kofia katika jimbo la Ohio. Aliitwa Februari 1831, akaagizwa aache biashara yake na kuangalia mali za kanisa: ardhi iliyotolewa na waumini, ghala la chakula, mahitaji ya maskini. Wa pili, Newel K. Whitney, aliyeteuliwa Desemba mwaka huohuo, alikuwa mwenye duka katika mji wa Kirtland. Hawa, basi, walikuwa waangalizi hasa, wa magunia na mashamba. Hata leo askofu wao ni mtu mwenye kazi yake, pengine fundi au karani, anayeongoza jumuiya ya mtaani kwa miaka kadhaa bila mshahara, kisha akampisha mwingine na kurudi kukaa pamoja na waumini wenzake.

Eneo la askofu huitwa kata, na hapa mfasiri wa Kiswahili alipiga penyewe. Waumini walipojenga mji wa Nauvoo, katika jimbo la Illinois, mji huo uligawanywa katika kata za utawala na uchaguzi kama ilivyo desturi ya miji ya Marekani. Mwaka 1842 viongozi wakaweka maaskofu katika kata hizo ili maskini wasisahauliwe. Neno la serikali likaingia kanisani na halikutoka tena. Msomaji wa Tanzania, ambaye kata kwake ni jambo la diwani na afisa mtendaji, yuko karibu na chanzo cha neno hilo kuliko anavyodhani. Kata kadhaa hufanya kigingi. Neno hili limetoka katika Biblia, katika unabii wa Isaya unaoufananisha mji wa Mungu na hema ambalo kamba zake hurefushwa na vigingi vyake kukazwa. Wafugaji wetu wa nyika wangeielewa picha hiyo upesi zaidi kuliko watu wa mjini.

Maneno mengine yanahitaji subira. Akidi kwetu ni idadi ya watu inayotosha kuhalalisha mkutano. Kwao ndilo kundi lenyewe, mathalani Akidi ya Mitume Kumi na Wawili. Mwalimu ni daraja la ukuhani ambalo siku hizi mvulana hulipata katika mwaka anaotimiza miaka 14. Sijui wenzangu mtalipokeaje hilo, ninyi mliosota miaka chuoni kulipata jina hilohilo.

Na rais? Katika Marekani ya wakati ule kila chama kilikuwa na rais wake, na kanisa likafuata mkondo huo. Januari 1832 Joseph Smith alikubaliwa kuwa rais wa ukuhani mkuu, na punde washauri wawili wakawekwa kando yake. Watatu hao ndio Urais wa Kwanza. Baada ya hapo marais wakaongezeka: rais wa kigingi, rais wa tawi, rais wa akidi. Tarehe 17 Machi 1842 wanawake wa Nauvoo walianzisha chama chao cha kusaidia wenye shida, na Emma, mke wa Joseph Smith, akachaguliwa kuwa rais wake. Mwaka 1844 Joseph Smith mwenyewe akajitangaza kugombea urais wa nchi nzima. Hivyo neno moja lilitumika kuanzia chama cha akina mama hadi ikulu.

Wingi huo wa vyeo ulikuwa na hatari yake. Februari 1835 waliteuliwa mitume kumi na wawili, na mwezi huohuo likaundwa kundi la Sabini. Machi ukatolewa ufunuo wa kueleza mamlaka ya kila mmoja. Ukiusoma kwa jicho la mwalimu wa sarufi utaona ugumu wake. Unasema kwamba Mitume Kumi na Wawili wana mamlaka sawa na Urais wa Kwanza. Kwamba Sabini nao wako sawa na Mitume. Na kwamba mabaraza makuu ya vigingi, nayo, yako sawa kwa mamlaka. Maadam Joseph Smith alikuwa hai, hapakuwa na haja ya kuuliza nani hasa yuko juu, kwa kuwa kila njia iliishia kwake.

Tarehe 27 Juni 1844 kundi la watu wenye silaha lilivamia gereza la Carthage, Illinois, likamwua Joseph Smith pamoja na ndugu yake Hyrum. Msiba ulikuwa mzito kuliko ulivyoonekana, kwani Hyrum, tangu 1841, alikuwa patriaki na pia rais msaidizi. Mtu ambaye cheo chake kingeweza kuzima ubishi alikufa pamoja na ndugu yake.

Ndipo vyeo vikaanza kushindana. Sidney Rigdon alikuwa mshauri aliyesalia katika Urais wa Kwanza. Akafika Nauvoo akisema awe mlezi wa kanisa. William Marks alikuwa rais wa kigingi cha Nauvoo. Brigham Young, seremala kwa kazi yake, alikuwa rais wa Mitume Kumi na Wawili. Kila mmoja aliweza kuonyesha cheo, na kila cheo kilikuwa na maandiko ya kukitetea. Tarehe 8 Agosti 1844 watu walikusanyika kwa maelfu. Rigdon alisema kwa muda mrefu. Young hakutaka wamchague yeye kama mtu. Aliwauliza kama watalikubali kundi la Mitume liongoze. Mikono ikainuliwa kwa ajili ya Mitume. Kwa maoni yangu hapo palikuwa na ustadi mkubwa: badala ya kumweka mtu mmoja kwenye kiti cha marehemu, alikiacha kiti kitupu na kuwaweka watu wengi kukizunguka. Kiti hicho hakikukaliwa hadi Desemba 1847, baada ya safari ya kwanza ya kwenda magharibi hadi bonde la Salt Lake, Young alipofanywa rais.

Si wote waliomfuata. James Strang alijikusanyia wafuasi, na mwaka 1850 akajitawaza mfalme katika kisiwa cha Beaver cha Ziwa Michigan. Wengine waliamini kwamba cheo hurithiwa kwa damu. Mwaka 1860 wakamweka mwana wa Joseph Smith, mwenye jina lilelile la baba yake, awaongoze. Miongoni mwa waliomwekea mikono alikuwa William Marks yuleyule. Kanisa hilo, ambalo tangu 2001 huitwa Jumuiya ya Kristo, limeendelea na njia yake: mwaka 2025 lilimweka Stassi Cramm, mwanamke wa kwanza kuwa rais wake.

Kwa waliokwenda Utah, swali la urithi lilijibiwa polepole. Mitume wa kwanza walikuwa wamepangwa kwa umri; baadaye ikahesabiwa tarehe ya kuingia. Lakini je, aliyetoka akarudi ahesabiwe tangu lini? Mwaka 1875 Young aliwashusha Orson Hyde na Orson Pratt, waliowahi kutengwa na akidi kisha wakarejeshwa, na kwa badiliko hilo John Taylor akawa wa mbele. Young alipofariki mwaka 1877, Taylor ndiye aliyeongoza, ingawa Urais wa Kwanza haukuundwa tena hadi 1880. Mwaka 1898 Lorenzo Snow hakungoja hata wiki mbili baada ya kifo cha mtangulizi wake. Tangu hapo mtume aliyekaa muda mrefu zaidi hurithi, wala hapana kampeni. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025, Russell M. Nelson, daktari mpasuaji wa moyo, alipofariki akiwa na miaka 101, na Dallin H. Oaks, aliyewahi kuwa jaji, akashika nafasi yake akiwa na miaka 93. Kanisa lililoanza na mzee wa miaka 24 likajikuta na marais waliokula chumvi nyingi, na sababu yake ni kanuni hii.

Liko jambo ambalo lingekuwa kosa kulificha katika jarida linalosomwa Afrika. Mwaka 1836 mtu mweusi, Elijah Abel, alitawazwa kuwa mzee. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyekuwa gavana wa Utah vilevile, alitangaza kwamba watu wenye asili ya Afrika hawawezi kupewa ukuhani. Maana ya tamko hilo ilikuwa kwamba vyeo vyote vya wanaume nilivyovitaja, kuanzia kile cha mvulana shemasi, vilifungwa kwa Mwafrika kwa rangi yake tu. Abel hakuvuliwa cheo chake. Mwaka 1879 viongozi waliichunguza habari yake wakamwachia. Lakini ibada za juu za hekaluni alinyimwa kila alipoziomba, hadi akafa mwaka 1884. Marufuku hiyo ilidumu miaka 126. Tarehe 9 Juni 1978, wakati wa Rais Spencer W. Kimball, ilitangazwa kwamba kila mwanamume mwaminifu aweza kupokea ukuhani, bila kujali rangi.

Serikali ya Kenya ililitambua kanisa hilo mwaka 1991. Miongoni mwa waumini wa Nairobi alikuwako mhandisi, Joseph Sitati, aliyepitia urais wa tawi na urais wa kigingi. Aprili 2009 aliitwa kuingia kundi la Sabini, Mwafrika mweusi wa kwanza kufikishwa katika uongozi mkuu wa kanisa lile. Katika mikutano yao aliye katika Sabini huitwa kwa jina lilelile wanaloitwa mitume, na wamisionari wa kiume wa miaka 18: Mzee.