Lebo Mdomoni mwa Gunia: Uthibitisho wa Madini Mashariki mwa Kongo

Uthibitisho wa madini, yaani utaratibu wa kuhakikisha kwamba mauzo yake hayafadhili vita, ulishika kasi mashariki mwa Kongo baada ya Marekani kupitisha sheria ya Dodd-Frank mwaka 2010, iliyozitaka kampuni zichunguze asili ya bati, koltani, wolframu na dhahabu zinazozitumia. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu na Maniema hadi Machi 2011, na wachimbaji wadogo wengi wakakosa riziki. Mpango wa iTSCi, wa kufuatilia madini kutoka machimboni, ulileta lebo ya plastiki yenye namba, iliyofungwa mdomoni mwa gunia na kuandikwa daftarini pamoja na uzito wa mzigo. Hata hivyo, kuhesabu machimbo yaliyosajiliwa katika mpango huo kulikuwa kipimo hafifu cha mafanikio, kwani lebo zilifungwa pia kwenye madini ya magendo, na watafiti waliotumia takwimu za kaya walionyesha mwaka 2016 kwamba vifo vya watoto wachanga viliongezeka katika vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyoguswa na sheria ya Dodd-Frank. Dhahabu, iliyo rahisi kufichwa mfukoni, ilibaki karibu yote nje ya utaratibu huo.