Injini "inagonga"?

Mwenye pikapu mpya ya dizeli humwambia fundi, "Injini inagonga," na fundi hushtuka. Gereji, kugonga ni habari ya beringi zilizolika, yaani gharama.

Lakini dizeli haina plagi za kuwashia. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda hadi ipate joto kali, nozeli hunyunyiza mafuta, nayo hujiwakia yenyewe. Mwako huo wa ghafla ndio unaotoa ule mlio wa ka-ka-ka, hasa asubuhi injini ikiwa baridi. Injini za siku hizi hutanguliza mafuta kidogo kabla ya dozi kuu ili kuutuliza, ila hauishi kabisa.

Mlio huo tunalo neno lake, na silisikii gereji: kutatarika, kama bisi kikaangoni. Kunguruma ni kwa sauti nzito, ya mfululizo. Turbo, yenyewe hupiga mluzi.

Kwa hiyo mwambie fundi, "Inatatarika ikiwa baridi." Neno kugonga liwekee mlio mzito unaozidi ukikanyaga mafuta. Ukiusikia huo, usingoje sevisi: zima injini.